Ipi Tamthilia Bora? Mjadala wa Baraza la Rusimbi na Vigezo vya Uhakiki

Utangulizi

Rusimbi ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Kigoma-Ujiji, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Huko, kama ilivyo kwingineko nchini, jioni huwakuta watu barazani, na baada ya siasa na mpira hufuata swali lisilokwisha: ipi tamthilia ya televisheni iliyo bora kupita zote? Kijana atataja Prison Break, mwenzake atashikilia Jumong, na mama anayepita na ndoo yake atawaambia wote wawili kwamba hawakuiona Isidingo. Swali hili laweza kudhaniwa kuwa la kupitishia wakati tu. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba ndani yake mna uhakiki kamili, na kwamba wanazuoni wa Kiswahili wamekawia kuusikiliza.

Neno moja, maana mbili

Inafaa kuanza na istilahi. Katika vyuo, neno tamthiliya humaanisha mchezo wa kuigiza uliotungwa kwa ajili ya jukwaa na kuchapishwa kitabuni. Mifano yake ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) na tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Juliasi Kaizari (1969). Barazani, tamthilia ni hadithi ya televisheni inayokatwa vipande na kuendelezwa siku hadi siku. Wapo wanaoiona maana hii ya pili kuwa upotoshaji. Lakini wasemaji hawakukosea. Walihitaji jina la utanzu mpya, wakalichukua lililokuwa karibu na kulipanua, kama lugha zote zifanyavyo. Kilichopungua ni upande wa wanazuoni: neno limepanuka, mitaala haikupanuka nalo.

Aidha, utanzu wenyewe si mgeni kabisa. Msimulizi wa Alfu Lela U Lela alijiokoa na kifo kwa kukatiza kisa alfajiri, mahali pale ambapo msikilizaji hawezi kuvumilia kutojua mwisho. Bibi atambaye ngano naye huwaambia wajukuu waende kulala, kisa kitamaliziwa kesho. Televisheni ilikuta masikio yaliyokwisha kuzoezwa.

Jinsi tamthilia zilivyofika

Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1973, tena ya rangi. Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990, vilipoanzishwa vituo vya binafsi kama ITV, na Televisheni ya Taifa ikafuata baadaye. Hapo ndipo vikundi vya maigizo, mathalani Kaole, vilipopata hadhira ya nyumba nzima kwa wakati mmoja. Kutoka Kaole walitokea waigizaji waliokuja kutikisa filamu za nchi hii, akiwamo marehemu Steven Kanumba (1984–2012). Kutoka Afrika Kusini ilikuja Isidingo, iliyodumu kwao tangu mwaka 1998 hadi 2020.

Njia ya pili ilikuwa kanda, na baadaye sidii, zilizooneshwa katika mabanda ya video. Mji wa Kigoma kwa miaka mingi ulitegemea majenereta ya dizeli nje ya gridi ya taifa. Katika mji wa namna hiyo, banda lenye umeme lilikuwa ukumbi wa umma. Huko ndiko ilikositawi sanaa ya wafasiri wa filamu, ambao nchini Tanzania jina lao mashuhuri ni Lufufu. Mfasiri hakutafsiri tu. Alieleza, alitania, alikemea wahusika, na mara nyingine aliboresha kisa kuliko kilivyokuja. Kwa mantiki hiyo, tamthilia ya Kikorea iliyosikika bandani ilikuwa nusu ya mtunzi wake na nusu ya mfasiri.

Vigezo vya baraza

Je, baraza hupima kwa kipimo gani? Mjadala ukisikilizwa kwa makini, vigezo vitatu hujitokeza.

Kigezo cha kwanza ni uvumilivu wa kisa. Jumong, iliyotengenezwa na kituo cha MBC cha Korea Kusini mwaka 2006 hadi 2007, ina sehemu 81. Kisa kinachokesha na watu kwa muda huo bila kuwachosha kina nguvu ambayo mhakiki hawezi kuipuuza.

Kigezo cha pili kimo katika msemo wa mabandani: steringi hafi. Huu ni muhtasari wa nadharia. Hadhira inajua kwamba mhusika mkuu atapona. Basi taharuki haitokani na swali la kama atapona, bali atapona vipi na kwa gharama ya nani. Jumong ataasisi ufalme, hilo hakuna asiyelijua. Watu hubaki kuhesabu anaowapoteza njiani.

Kigezo cha tatu ni lugha. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionesha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake, iliyoingizwa sauti za Kiswahili. Iliwagusa watazamaji kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Ugomvi wa mkwe na mke wa mwana ulieleweka mara moja, kwa kuwa ulisemwa kwa maneno ya nyumbani.

Vigezo hivi vinalingana na fani na maudhui vya madarasani, ila baraza halivitenganishi.

Orodha za wengine

Mwaka 2021 BBC iliwauliza wataalamu 206 kutoka nchi 43 wataje tamthilia bora za karne ya 21. Ya kwanza ilikuwa The Wire ya Marekani. Katika orodha hiyo ya kazi mia moja hapana hata moja ya Kiswahili. Jambo hilo halithibitishi kwamba hakuna iliyostahili. Kazi isiyoonekana haipigiwi kura.

Chukua Siri ya Mtungi, iliyoanza kuoneshwa mwaka 2012. Mhusika wake mkuu, Cheche, ni mpiga picha wa Bagamoyo, mwenye mke na mwenye udhaifu. Ilitengenezwa kwa ufadhili wa Marekani, ikiwa na ujumbe wa afya. Mpinzani atasema kazi ya namna hiyo ni mahubiri. Hoja hiyo ina uzito, lakini haimalizi mjadala. Fasihi ya Kiswahili tangu tenzi za kale haikuona haya kufundisha. Swali la haki ni kama mafunzo yanamtumikisha mhusika au yanatokana naye. Cheche huanguka kwa tamaa zake mwenyewe; steringi huyu hafi, lakini heshima yake yaweza kufa. Kwa kipimo hicho, Siri ya Mtungi inastahili kuwekwa mbele ya tamthilia za Kiswahili zinazojadiliwa.

Hitimisho

Hata hivyo, hukumu yoyote hudai ushahidi. Jumong na Prison Break zinapatikana hadi leo, tena nzima. Maigizo ya awali ya Kiswahili yalirekodiwa katika kanda, na kanda huharibiwa na joto na unyevu, vitu ambavyo nchi hii haina upungufu navyo. Kazi isiyoweza kutazamwa tena huondoka katika shindano bila kushindwa. Vyuo vinavyohifadhi miswada ya tenzi kwa uangalifu mkubwa vinapaswa kuzihifadhi kanda hizo kwa uangalifu uleule, kuzinakili na kuzifundisha.

Baraza la Rusimbi litaendelea kubishana, na ni heri liendelee. Mzee aliyeyaona maigizo ya zamani atayatetea kwa kumbukumbu. Kijana atamjibu kwa simu iliyo mkononi, ambamo ushahidi wake wote umo. Mabishano hayo hayatakuwa ya haki mpaka mzee naye apate cha kuonesha.