Figo, Bima na Mfuko Wetu



Nimepewa dakika chache nizungumzie matibabu makubwa, maana mwaka huu ombi la mchango wa figo limefika mezani kwetu nasi tukagawanyika. Wengine wanasema mfuko utoe wote. Wengine wanauliza, tukimaliza kwa mmoja, wenye ada za shule watakopa wapi?

Si sisi wa kwanza kubanwa hivi. Mwaka 1987 jimbo la Oregon, Marekani, liliacha kuwalipia maskini upandikizaji wa moyo, ini na uboho, ili fedha zihudumie watu wengi zaidi, wakiwemo wajawazito. Kwenye karatasi hesabu inakubali. Lakini palikuwa na mtoto wa miaka 7, mwenye saratani ya damu, aliyehitaji uboho. Gharama dola 100,000. Wazazi wakapitisha bakuli. Akafariki Desemba mwaka huohuo, mchango haujatimia. Mwenye bima yake nzuri, jimbo lilelile, hakupitisha bakuli. Mimi nakwama hapo. Fedha zina mpaka, hata za serikali, sawa. Ila mpaka ule waliwekewa maskini peke yao.

Na upasuaji, jamani, si mwisho wa gharama. Aliyepandikizwa figo humeza dawa kila siku, la sivyo mwili unaikataa. Hukohuko Marekani, bima ya serikali iitwayo Medicare ililipia kupandikiza, lakini wengi walio chini ya miaka 65 wakalipiwa dawa miezi 36 tu. Figo ikifa kwa kukosa dawa, mtu anarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, na mashine hiyo bima inalipa! Tangu Januari 2023 ndipo wasio na bima nyingine wakaruhusiwa kuendelea kulipiwa dawa hizo.

Hapa kwetu Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017. Zamani ilikuwa India. Figo hutoka kwa ndugu. Haifai kuuzwa, hilo sina mjadala. Ila dada anayetoa figo, wiki anazolala hafungui genge, watoto wake wanakula nini? Huyo tumemsahau kabisa kwenye vikao vyetu.

Napendekeza mfuko usilipe upasuaji. Ukopeshe michango ya bima bila riba, mwanachama arudishe kidogo kidogo, na mtoaji apewe posho ya chakula mpaka asimame. Makadirio yapo kwenye daftari la mweka hazina. Naomba yasomwe kabla hatujapiga kura.