Ng'ombe wa Maziwa Akaribiapo Kuzaa

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi, hasa ninyi wenye ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa bandani, kama ilivyo desturi katika vilima vya Kiambu na miteremko ya Kilimanjaro. Mwenye ng'ombe mia akipotewa na mmoja husikitika. Mwenye mmoja akipotewa naye, karo ya watoto hupotea pamoja naye. Na hakuna siku za hatari kwa mnyama huyu kama majuma matatu kabla ya kuzaa na matatu baada yake.

Neno letu la leo ni hili: maradhi ya baada ya kuzaa aghalabu huanza kabla ya kuzaa, nayo huanzia katika unono wa mwili.

Wataalamu hupima unono kwa alama 1 hadi 5. Ya 1 ni ngozi na mifupa. Ya 5 ni mwili uliofunikwa na mafuta. Macho peke yake hayatoshi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi simameni karibu naye, mpapase mbavu za mwisho, nyonga, na shina la mkia. Mbavu zikihesabika na kando ya mkia pakiwa na mashimo, amekonda. Shina la mkia likizama katika mafuta, amenenepa kupita kiasi. Afaaye kuzaa ni yule wa alama 3, au kuzidi kidogo, asipite 3 na nusu: mfupa hauonekani wazi, lakini vidole vikibonyeza huufikia.

Unono mwingi una madhara gani? Baada ya kuzaa, maziwa huongezeka upesi kuliko hamu ya kula, naye ng'ombe hulipa upungufu huo kwa mafuta ya mwili wake. Kukonda kidogo, kama nusu ya alama, si ajabu. Lakini aliyenenepa sana hula kidogo kuliko wenzake, na mafuta yake huyeyuka kwa wingi, yakajaa katika ini lisiloweza kuyatumia yote. Ndipo huja ugonjwa uitwao ketosisi: hukataa pumba ingawa bado ala majani, maziwa hupungua, mwili hukonda mbio, na pengine pumzi yake hunuka harufu tamu isiyo ya kawaida.

Labda mtu atasema, "Basi tumnyime chakula mwezi wa mwisho, apungue." La, asifanye hivyo! Njaa ya siku hizo huyayeyusha mafuta yale yale na kuyapeleka katika ini kabla hata ndama hajazaliwa. Unono hurekebishwa mapema, wakati angali akikamuliwa. Akomeshwe kukamuliwa miezi 2 kabla ya kuzaa, apewe majani makavu ya kutosha pamoja na nepia, na pumba kwa kiasi, bila kunenepeshwa wala kukondeshwa.

Ugonjwa wa pili ni homa ya maziwa, ambayo kwa kweli si homa, kwani masikio na mwili huwa baridi. Maziwa ya kwanza, yaani dang'a, yana madini mengi ya kalsiamu, yale yajengayo mifupa. Lita 10 za dang'a hubeba zaidi ya gramu 20, na damu yote ya ng'ombe haina hata gramu 5. Mifupa isipoyatoa upesi, mnyama hutetemeka, huyumba, hulala, na kugeuza kichwa ubavuni. Wakongwe waliokwisha kuzaa mara tatu au zaidi, na wale wa aina ya Jersey, hupatwa zaidi. Kumpa chumvi yenye kalsiamu nyingi majuma ya mwisho huleta hatari badala ya kinga, maana mifupa huzoea kukaa bila kazi. Apewe kwa wingi baada ya kuzaa.

Zamani wengi walikufa. Mwaka 1901 Bwana Andersen wa Denmark aliwaponya kwa kujaza hewa katika kiwele. Na mwaka 1925 Mabwana Dryerre na Greig wa Edinburgh walieleza kwamba kasoro ni upungufu wa kalsiamu katika damu. Leo dawa hiyo hutiwa mshipani, polepole, kwani ikienda mbio moyo husimama. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, naye aitwe mara moja, hata usiku. Mkimngoja, mwegemezeni ng'ombe kwa magunia ya majani akalie kifua, asilale ubavu akavimba tumbo. Wala msimnyweshe kitu kwa nguvu, maana koo lake halina nguvu, na maji yataingia mapafuni.

Basi, kesho asubuhi, kabla ya kukamua, mpapaseni ng'ombe wenu. Kwaherini.