Kitenzi "Shall" na Deni Lililomo Ndani Yake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumeombwa kusema machache juu ya Kiingereza cha barua na kanuni, nasi tumechagua kitenzi kimoja tu, "shall". Ni neno dogo, lakini limejaa katika kanuni za kazi, na karani akilifasiri vibaya huenda haki ya mtu ikapotea mezani pake.

Kwanza tutazame asili. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa "sceal", na maana yake ya awali ilikuwa kuwiwa, yaani kuwa na deni. Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiingereza, wangali wanalo neno "Schuld", la shina lilo hilo, nalo ni deni na pia ni hatia. Baadaye deni liligeuka wajibu; na kwa kuwa jambo lililompasa mtu hutazamiwa kutendeka, wajibu nao ukageuka habari ya wakati ujao.

Mwenziwe "will" aliingia kwa mlango mwingine, maana asili yake ni kutaka. Mwaka 1653 John Wallis, katika sarufi ya Kiingereza aliyoiandika kwa Kilatini, alieleza kwamba mtu ajisemeaye mwenyewe kwa "shall" anatabiri tu, bali akimwambia au kumtaja mwingine, neno lilo hilo huwa ahadi au tishio. Kanuni hiyo haikushikwa na wasemaji wote, lakini katika sheria maana ya amri imedumu.

Sasa turudi kwetu. Kiambishi chetu cha wakati ujao, "-ta-", hudhaniwa na wataalamu kuwa kilitokana na kitenzi "kutaka", na dalili yake tunayo vinywani: twasema "atakuja", lakini twasema "atakayekuja", na hapo "taka" yote yaonekana. Basi kwa asili "-ta-" ni ndugu wa "will", si wa "shall". Afasiriye "shall" kwa "-ta-" pasipo kufikiri huenda akageuza deni kuwa nia.

Hatusemi kwamba "-ta-" haifai kamwe. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 33, yaweka cheo cha Rais kwa neno "kutakuwa", na hapana adhaniaye kuwa huo ni utabiri. Mwanasheria alisomapo huijua amri. Lakini je, mtu aliyesimama dirishani akingoja haki yake?

Tuseme kanuni ya Kiingereza yamwagiza afisa, kwa neno "shall", alipe mafao ya marehemu katika siku 30. Mjane akisomewa "Afisa atalipa", atakwenda zake kungoja. Akisomewa "Afisa sharti alipe", atajua kwamba siku ya 31 anayo haki ya kuuliza kwa nini hajalipwa. Kanuni ni ile ile, lakini mmoja amepewa matumaini, mwingine amepewa haki.

Tena tusichanganye "shall" na "may". Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, katika kifungu cha 53, yaeleza kwamba "may" humwachia mtu hiari, bali "shall" huamuru kazi ifanywe. Ingawa mahakama hutazama pia muktadha na kusudi la sheria. Afrika ya Kusini, katika Katiba yake ya mwaka 1996, waliliacha "shall" wakatumia "must", ambalo ni lazima isiyo na shaka.

Tangu mwaka 2021, Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria Tanzania, na kazi ya kufasiri imefika katika meza nyingi. Kwa hiyo twashauri hivi: ukikuta "shall", jiulize, ni nani awiwaye, anawiwa na nani, na siku ya kulipa ni ipi? Ukiona deni, andika "sharti", "lazima", "hana budi" au "itakuwa wajibu wake". Ukiona ni habari tu ya siku zijazo, hapo "-ta-" yatosha.