Prichard Akisomwa Kolwezi: Riwaya ya Mgodi na Jiko la Sally Gough



Katharine Susannah Prichard alizaliwa Levuka, Fiji, mwaka 1883, akakulia Australia, na mwaka 1920 akawa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Kikomunisti cha nchi hiyo. Kati ya 1946 na 1950 alitoa riwaya tatu zinazofuatana kuhusu machimbo ya dhahabu ya Kalgoorlie: The Roaring Nineties, Golden Miles na Winged Seeds. Wahakiki wengi wa kwao walizipokea shingo upande. Walidai siasa imeziua, wahusika wanahutubia badala ya kuzungumza. Nimesimama hapa kuzitetea, ingawa si kila ukurasa.

Hotuba zipo, tena ndefu, na katika kitabu cha tatu zinachosha kweli. Lakini msomaji wa Kolwezi hawezi kukubali kwamba sheria na mikutano havina nafasi katika riwaya ya mgodi. Tazameni mgogoro wa 1898, uliomo katika kitabu cha kwanza. Wachimbaji wadogo waliifuata dhahabu iliyolala ndani ya maeneo yaliyokodishwa kwa makampuni. Serikali ya Australia Magharibi chini ya John Forrest ikawawekea kanuni wasichimbe kupita futi 10, na waliokaidi wakafungwa. Kwetu Kongo, shimo la mchimbaji wa mkono halitakiwi kuzidi mita 30. Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamruhusu creuseur, yaani mchimbaji huyo wa mkono, kuchimba katika maeneo aliyotengewa tu, huku ardhi yenye madini mazuri ikiwa mikononi mwa makampuni. Juni 2019 udongo uliwafukia wachimbaji zaidi ya 40 ndani ya eneo la kampuni hapa hapa Kolwezi. Mwandishi akiiacha sheria nje ili hadithi iwe nyepesi, nani ataelewa kwa nini watu wale walikuwa mle?

Ufundi mkubwa wa Prichard, kwa maoni yangu, ni Sally Gough. Mumewe, Morris, anakimbizana na bahati ya dhahabu. Chakula cha watoto kinatoka katika nyumba ya wapangaji anayoiendesha Sally, akiwapikia na kuwafulia wachimbaji. Mgomo, dhahabu ya wizi, vita vya 1914, vyote vinamfikia hapo mezani. Pale siasa haihitaji jukwaa. Inapimwa kwa deni la dukani na kwa sahani ya mpangaji aliyefukuzwa kazi.

Riwaya za Katanga bado hazijatupa mwanamke kama huyu. Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, ya 2014, ina muziki wa ajabu, nami naipenda, ila wanawake wake tunawasikia zaidi kama sauti za baa. Généalogie d'une banalité ya Sinzo Aanza, ya 2015, inawaonyesha watu wa Lubumbashi wakichimba shaba chini ya nyumba zao, jambo ambalo wakazi wa mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, walikuwa wakilifanya kwa kobalti wakati huo huo. Lakini yuko wapi mama anayeosha mawe mtoni, maji yakimfika magotini, mtoto mgongoni? Yuko wapi akisimama katika soko la madini la Musompo mbele ya ubao wa bei zilizoandikwa kwa mkono, akingoja mashine ya mnunuzi imtajie asilimia ya kobalti asiyoweza kuihakiki mwenyewe?

Kasoro nzito ya Prichard ni nyingine kabisa, na wahakiki walioilalamikia siasa hawakuigusa. Kalgoorla, mwanamke mwenyeji wa nchi ile, amepewa heshima kubwa lakini mawazo machache. Tunamwona akitembea, akinyamaza, akiteseka. Sally ndiye anayefikiri kwa niaba ya kitabu. Nasi tuna wenyeji wetu: Basanga walichimba na kuyeyusha shaba ya nchi hii kabla kampuni ya Union Minière haijaundwa mwaka 1906, kwa hiyo pengo hilo linatuhusu moja kwa moja.

Napendekeza idara ya fasihi ianze kuitafsiri The Roaring Nineties kwa Kiswahili, tukitanguliza sura za nyumba ya wapangaji, na tuzisome pamoja na akina mama wa mtoni kabla ya kuzichapa.