Foleni ya Chanjo Si Mtego

Hotuba kwa wananchi wa Malaba, upande wa Uganda, Novemba 2021

 

Wiki iliyopita mama mmoja muuza nyanya alifika kwenye kituo cha chanjo, akamwona askari wetu langoni, akageuka na kapu lake kichwani. Askari alipomwita, akazidisha mwendo. Tulimtembelea baadaye tukiwa na mwenyekiti wa kijiji chake, naye akatuambia waziwazi kwamba yeye huvuka kwa njia ya panya, na alidhani tumekuja kumkamata.

Hatukumlaumu. Mpaka ulipofungwa kwa abiria Machi 2020, sisi ndio tuliotumwa kuziba njia hizo. Sisi ndio tuliosimamia amri ya kutotoka nje usiku, na wamo miongoni mwetu waliotumia fimbo pale ambapo neno lingetosha. Mtu aliyekimbizwa na askari mwaka jana hawezi kuambiwa leo apange foleni mbele ya askari yuleyule, akaamini mara moja. Tunalikiri jambo hilo hadharani, kwani tusipolikiri, mengine yote tutakayosema yatakuwa mepesi.

Basi tunatamka hivi: askari aliye kwenye kituo cha chanjo amewekwa kulinda utaratibu na kuilinda dawa. Hatakuuliza ulivukia wapi. Hatapekua kapu lako. Akifanya hivyo, tuleteeni jina lake. Wapo watakaosema kwamba tumelegeza sheria za mpaka. Sheria ipo palepale. Mahali pake ni mpakani, si kwenye foleni ya sindano.

Tukumbuke pia tulikotoka. Kenya ilipokea shehena yake ya kwanza kupitia mpango wa COVAX tarehe 3 Machi mwaka huu, dozi zaidi ya milioni 1. Sisi tulipokea dozi 864,000 tarehe 5, na tarehe 10 kazi ya kuchanja ikaanza. Kisha India, ambako dozi zile za AstraZeneca zilitengenezwa, ikazuia kuzipeleka nje kwa sababu watu wake wenyewe walikuwa wakifa. Wengi wetu tulibaki na dozi moja mwilini, tukisubiri ya pili. Juni wimbi la pili likatukuta katika hali hiyo, na nchi ikafungwa kwa siku 42.

Uhaba ule ndio uliowanenepesha walaghai. Julai serikali ilitangaza kwamba wapo wananchi waliotozwa fedha, wakadungwa maji. Kwa hiyo shikeni hili: chanjo ya serikali haiuzwi. Anayekudai hata shilingi mia ni mwizi, na kesi yake ni yetu. Vivyo hivyo kwa kadi za kununua. Kadi ya bandia huenda ikakupitisha kwenye kizuizi kimoja, lakini haitakusaidia kifuani.

Ndugu zetu madereva, mwaka jana mlilala siku kadhaa kwenye foleni hapa Malaba mkisubiri majibu ya vipimo, huku mkiitwa wabeba maradhi na watu waliokuwa wakiunga mboga kwa chumvi mliyoileta ninyi. Leo tunawaomba jambo moja: njooni na kadi zenu. Aliyeanzia Kenya huenda ana dozi moja ya AstraZeneca; aliyechanjwa Tanzania, ambako kazi ilianza tarehe 28 Julai kwa Johnson & Johnson, yeye huenda alipewa dozi moja iliyo kamili. Mhudumu asipoiona kadi, atakisia tu.

Nanyi walimu msibaki nyuma. Watoto wamekaa nyumbani kupita kiasi, na Januari shule zitafunguliwa.

Kesho asubuhi wahudumu wa afya watakuwa hapa sokoni. Mizigo itawekwa chini ya mwembe, na askari wa kike atailinda, ili mfanyabiashara asipoteze mali akiwa kwenye foleni. Yule mama wa nyanya ameahidi kuja pamoja na dada zake wawili. Hatukumuuliza watapitia wapi.