Aliyeungua Si wa Kufichwa Ndani

(Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya kazi ambayo familia yangu inafanya pamoja na watu walioungua. Nimezoea kusema mbele ya watoto, basi mnisamehe nikisema kama niko darasani.

Wengi mnajua yaliyotupata. Binti yetu alikuwa na miaka minne. Mama yake aligeuka kuchukua kuni, mtoto akavuta sufuria ya uji iliyokuwa mafigani. Uji ukammwagikia mkono na kifua. Jirani mmoja akampaka unga, mwingine akaleta dawa ya meno. Walifanya hivyo kwa upendo. Lakini hospitalini ilibidi vitu vile viondolewe kwanza juu ya kidonda kibichi, na kilio kile nakisikia mpaka leo.

Kidonda kilipofunga tulidhani yamekwisha. Muuguzi alituonyesha namna ya kuunyoosha mkono kila siku. Mtoto alilia, nasi kwa huruma tukaacha. Kovu likavuta, kiwiko kikakunjamana. Kisha nikafanya kosa la pili. Alipofika umri wa shule nilimweka nyumbani mwaka mzima, nikiogopa atachekwa. Nilikuwa nafundisha watoto wa wenzangu, wangu nimemficha.

Aliyetusaidia ni mama mmoja wa mtaa wa pili, mwenye makovu ya moto shingoni. Alikuja, akaketi na mtoto, akamwonyesha shingo yake. Wiki ile ile mtoto mwenyewe aliomba daftari.

Ndipo tukaamua kuwafanyia wengine vivyo hivyo. Jumanne na Ijumaa mama watoto huenda wodini, huketi na mama wa mgonjwa, kwa sababu mama huyo mara nyingi analaumiwa na ukoo wote. Mimi hupita nyumbani baada ya masomo kuwakumbusha mazoezi waliyoelekezwa na muuguzi. Jumamosi tunauza maandazi, na kwaya na vijana wa msikitini wametupitishia kapu. Fedha hizo hununua sabuni, mayai, dagaa na maharage, maana kidonda cha moto hula mwili na kinahitaji chakula cha kuujenga. Daftari la mapato na matumizi liko hapa mezani. Anayetaka alikague.

Ndugu zangu, Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, wengi wao katika nchi za hali kama zetu. Kwa hiyo shikeni haya. Kwanza, mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20. Kama bomba ni mbali, mimineni polepole kwa kikombe kutoka kwenye dumu. Pili, msipake unga, mafuta, majivu wala dawa ya meno. Vueni nguo na bangili, lakini nguo iliyogandamana na ngozi iacheni. Funikeni kwa kitambaa safi, mpelekeni hospitali. Tatu, msiache mazoezi kwa sababu mtoto analia. Huruma yetu ndiyo iliyomkunja binti yetu mkono.

Kwa ndugu wa mashirika, hatuombi posho. Tunaomba mtujulishe mgonjwa anaporuhusiwa kutoka, ili asirudi nyumbani peke yake.

Binti yetu sasa yuko darasa la tatu. Mkono haujanyooka wote. Lakini kapu mtakaloliona likipita baada ya maneno haya, yeye ndiye atakayelibeba.