Deni la Wapenzi wa Víctor Jara



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya mapenzi ambayo watu huwa nayo kwa mwimbaji asemaye kweli mbele ya wenye nguvu. Jambo hili lina mifano mingi, lakini wingi wa mifano huchosha wasikilizaji. Kwa hiyo nitaushika mmoja tu, nao ni wa Víctor Jara wa Chile, mtunzi na mpiga gitaa aliyeuawa na wanajeshi mwezi Septemba mwaka 1973. Nimemchagua kwa kuwa mapenzi ya watu kwake yamedumu kwa zaidi ya miaka 50, hata katika nchi ambazo lugha aliyoimbia haifahamiki, na kwa kuwa wale waliomtendea haki kuliko wengine hawakuwa wale waliopiga makelele mengi.

Víctor Jara alizaliwa mwaka 1932 katika ukoo wa wakulima wasiokuwa na ardhi, akakulia Lonquén, kijiji kisichokuwa mbali na mji mkuu wa Santiago. Baba yake, Manuel, alilima katika shamba la kabaila. Mama yake, Amanda, ndiye aliyekuwa na gitaa. Aliimba arusini na matangani, na mtoto akajifunza humo kwamba wimbo si pambo la maisha, bali ni kazi mojawapo miongoni mwa kazi za kijiji, kama kuvuna na kuzika. Mama alipofariki, kijana aliingia seminari akitaka upadri, akatoka baada ya miaka miwili, akatumikia jeshi, kisha akasomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Chile. Watu wengi husahau kwamba kwa miaka mingi alijulikana kwao kwa kuongoza michezo ya kuigiza kuliko kwa kuimba. Ni Violeta Parra, yule mama aliyezunguka mashambani akikusanya nyimbo za wazee kabla hazijapotea, aliyemtia moyo asiache gitaa.

Jina lake lilipata uzito wa kisiasa kwa sababu ya damu ya watu wengine. Tarehe 9 Machi 1969, katika mji wa Puerto Montt kusini mwa Chile, polisi waliamriwa kuwaondoa maskini waliokuwa wamejenga vibanda katika kiwanja kisichokuwa chao. Risasi zikafyatuliwa, wakafa watu wapatao 10, pamoja na mtoto mchanga. Víctor Jara alitunga wimbo wa maswali juu ya Puerto Montt, na ndani yake akamtaja kwa jina waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, Edmundo Pérez Zujovic. Mwaka huo huo alipouimba katika shule moja ya watoto wa matajiri, baadhi ya wanafunzi walimrushia mawe. Wale wa mitaa ya makuti na mabati, kwa upande wao, waliujua wimbo huo kwa moyo.

Hapa sina budi nisimame kidogo, maana ziko habari ambazo wapenzi wake hawapendi kuzisimulia. Mwaka 1971 yule waziri, akiwa amekwisha kuondoka madarakani, aliuawa kwa risasi na kikundi kidogo cha watu wa siasa kali. Mwimbaji hakuhusika kwa namna yoyote na mauaji hayo. Hata hivyo tusijifanye hatujui kwamba jina la mtu likishatiwa katika wimbo haliko tena chini ya mamlaka ya mtunzi. Hubebwa na kila mwenye hasira. Kwa sababu hiyo mtunzi anayetaja majina hana budi awe na hakika ya jambo lake kama hakimu alivyo na hakika ya hukumu yake.

Na hakika hiyo Víctor Jara aliitafuta kwa jasho. Kabla ya kutoa santuri yake ya mwaka 1972 iitwayo La Población, inayosimulia habari za wananchi waliochukua kiwanja pembezoni mwa Santiago na kujijengea mtaa, alikwenda kwao, akawasikiliza, akazinasa sauti zao katika kanda. Wakati huo alikuwa upande wa serikali. Salvador Allende alikuwa amechaguliwa kuwa rais mwaka 1970, na mwimbaji wetu, aliyekuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, aliizunguka nchi akiiimbia serikali hiyo. Wako wasemao kwamba mwimbaji akishaiunga mkono serikali amekwisha kununuliwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Nyimbo za santuri ile zinamwonyesha mtoto akicheza matopeni, nazo zilitolewa wakati rafiki zake mwenyewe ndio waliokuwa madarakani. Aliyenunuliwa angeyafunika yale matope.

Tarehe 11 Septemba 1973 majeshi, chini ya Jenerali Augusto Pinochet, yaliipindua serikali hiyo. Víctor Jara alikwenda kazini kwake katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Serikali. Kesho yake alikamatwa pamoja na walimu na wanafunzi kwa mamia, wakapelekwa Estadio Chile, uwanja wa ndani wa michezo ambamo mwaka 1969 alishangiliwa aliposhinda katika tamasha la nyimbo mpya za Chile. Ofisa mmoja alimtambua. Alitengwa, akapigwa, na baada ya siku chache akauawa kwa risasi zaidi ya 40, maiti yake ikatupwa karibu na makaburi ya mji.

Sasa nakuja kwa mtu ambaye, kwa maoni yangu, ni mpenzi wa Víctor Jara kuliko wote, naye alikuwa mtumishi wa serikali kama ninyi. Alikuwa karani kijana katika ofisi ya usajili wa raia. Siku zile makarani wa ofisi hiyo walipelekwa katika chumba cha maiti mjini Santiago ili wasaidie kuwatambua waliouawa, ambao idadi yao ilikuwa imewashinda wahudumu. Kati ya maiti hao aliuona uso alioufahamu. Hakupiga ukelele, wala hakutoka mbio kutangaza. Alifanya kile alichofunzwa kazini: alihakikisha kwa siri, kwa kulinganisha alama za vidole na zile zilizokuwa katika kumbukumbu za ofisi. Alipokwisha kuwa na hakika, asubuhi ya tarehe 18 Septemba, ambayo ni sikukuu ya taifa la Chile, alibisha hodi nyumbani kwa mjane, Joan, mcheza dansi mzaliwa wa Uingereza, akamweleza habari ile kwa upole, akafuatana naye hadi chumba cha maiti, na akamsaidia kuzipata hati za mazishi. Siku ile ile Víctor Jara alizikwa, na waliomzika hawakuzidi watatu.

Hebu fikirini jambo hilo, ninyi mnaoshika mafaili kila siku. Kijana yule hakuwa na silaha wala jukwaa. Alikuwa na kadi, wino, na ujuzi wa kazi yake. Angeamua kwamba hayamhusu, na hakuna ambaye angemlaumu, kwa maana kuonekana tu na habari ile kulitosha kumpoteza. Lakini mwili ule ungeweza kuingia ardhini bila jina kama miili mingine mingi ya majuma yale, na mjane asingekuwa na kaburi la kumwonyesha hakimu miaka iliyofuata.

Wako wengine waliofanya kazi kama yake. Ndani ya ule uwanja Víctor Jara aliandika shairi lake la mwisho, na wafungwa wenzake wakalinakili na kulikariri ili lisipotee, likatoka likiwa limefichwa. Kifo chake kilipotajwa kwa maneno machache katika gazeti moja, na vyombo vya habari vikaamriwa kutomtaja tena, mtu mmoja katika kituo cha televisheni alichomeka vipande vifupi vya muziki wake juu ya sauti ya filamu ya Kimarekani. Vilikuwa vya muda mfupi mno, lakini waliokuwa na masikio walisikia. Kanda zake zilivushwa mipaka kwa siri. Vikundi vya Quilapayún na Inti-Illimani, ambavyo mapinduzi yalivikuta Ulaya, vilibaki huko uhamishoni, cha kwanza Ufaransa na cha pili Italia, vikiendelea kupiga muziki ule katika kumbi za wageni. Ndani ya Chile kwenyewe, kanda zilizonakiliwa zilipita mkono kwa mkono.

Lakini yako mapenzi mengine, na haya ndiyo yanayonitia mashaka. Labda baadhi yenu mmepata kusikia kwamba mwimbaji huyu alikatwa mikono mbele ya wafungwa wenzake, naye akainuka na kuimba huku damu ikimwagika. Habari hiyo imesimuliwa ulimwengu mzima, imeandikwa magazetini, imetungiwa nyimbo. Si kweli. Mikono yake ilipigwa na kuvunjwa, na mwili ulipofukuliwa mwaka 2009 kwa amri ya mahakama, wataalamu walikuta mifupa iliyovunjika mahali pengi pamoja na majeraha ya risasi, lakini mikono ilikuwapo. Mjane mwenyewe aliyeiona maiti hakupata kusema kwamba ilikatwa.

Mtu ataniuliza: kuna tofauti gani, ikiwa ukatili ni ule ule? Tofauti ni kubwa mno. Wauaji wale na watetezi wao walikanusha kwa miaka mingi, na mwenye kukanusha hupenda sana kumkuta mshitaki wake ametia chumvi. Akionyesha uwongo mmoja tu, huomba wasikilizaji watupilie mbali na ukweli wote ulio kando yake. Mpenzi aliyeikata ile mikono kwa mdomo wake alidhani anamtukuza shujaa, kumbe alikuwa akimpa wakili wa muuaji kitu cha kushika. Yule karani hakuongeza kitu. Alama za vidole ama zinalingana ama hazilingani.

Vivyo hivyo kwa nyimbo zenyewe. Mwezi Oktoba 2019, wananchi wa Chile walipoandamana kwa maelfu kupinga ukali wa maisha na ukosefu wa usawa, umati wa wapiga magitaa ulikusanyika katikati ya Santiago ukaimba kwa pamoja El derecho de vivir en paz, wimbo wake wa mwaka 1971. Wengi wa vijana wale walizaliwa baada ya utawala wa Pinochet kwisha. Ilikuwa ni ajabu ya kupendeza. Hata hivyo wimbo ule haukutungwa kwa ajili ya Chile. Ulitungwa kwa ajili ya watu wa Vietnam waliokuwa wakipigwa mabomu, na ndani yake mnatajwa Ho Chi Minh. Mimi siwalaumu vijana kwa kuuhamisha, kwa kuwa wimbo ukiwa hai huhama. Ninachowaomba walimu ni kwamba mwanafunzi aambiwe ulikotoka, ili ajue kwamba mtoto wa mkulima wa Lonquén aliwahi kuwalilia watu wa upande wa pili wa dunia kabla hajaliliwa yeye.

Kuna jina moja zaidi ambalo sitaki kuondoka hapa bila kulitaja. Maiti ya Víctor Jara haikupatikana peke yake. Pamoja naye aliuawa Littré Quiroga, mwanasheria, mkuu wa idara ya magereza katika serikali ya Allende. Huyu naye alikuwa mtumishi wa umma, aliteswa katika uwanja ule ule, akauawa kwa risasi kama mwenzake. Yeye hakuwa na gitaa, kwa hiyo hana wapenzi. Katika santuri, katika mabango, katika hotuba za kila Septemba, mmoja ana uso na mwingine hana. Nathubutu kusema kwamba Víctor Jara asingeliridhika na hali hiyo, maana yeye ndiye aliyewatungia wimbo wafu wa Puerto Montt, ambao majina yao hayakuwa na mwimbaji mwingine.

Mahakama, angalau, haikumsahau. Mwaka 2003 uwanja ule ulipewa jina la Víctor Jara, na Desemba 2009 maelfu ya watu walimsindikiza katika mazishi ya pili, ambayo safari hii yalifanyika hadharani. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama huko Florida, Marekani, lilimwona Pedro Barrientos, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Chile, kuwa anawajibika kwa kifo chake, na likaamua kwamba familia ilipwe fidia ya dola milioni 28. Mwezi Agosti 2023 Mahakama Kuu kabisa ya Chile ilithibitisha hatia ya wanajeshi wastaafu 7, wengi wao kwa vifungo vya miaka 25, na katika hukumu hiyo majina ya waliouawa yanakwenda pamoja: Jara na Quiroga.

Joan Jara, aliyeifuata kesi hiyo kwa miaka mingi, alifariki Santiago tarehe 12 Novemba 2023. Barrientos alirudishwa Chile kutoka Marekani, na kukamatwa mara aliposhuka kwenye ndege, tarehe 1 Desemba, siku 19 baadaye.